Ukurasa ukipinda, kosa ni la nani? Maswali tunayoulizwa sana kuhusu kurekebisha injini za vivinjari

Tuko watu watatu, wakaazi wa Tudor hapa Mombasa, na jioni baada ya kazi zetu za kutwa tunakaa kurekebisha hitilafu za injini za vivinjari: maandishi yaliyopandana, visanduku vilivyotoka nje ya mstari, mabaki ya herufi yanayokataa kufutika kwenye kioo. Maswali haya tumeulizwa na wanafunzi, na mafundi wanaotengeneza kurasa za maduka, na wazazi wetu pia. Nimeyajibu mimi kwa niaba ya wenzangu.

Injini ya kivinjari ni kitu gani hasa?

Ni ile sehemu inayosoma HTML na CSS (lugha za kuandikia ukurasa: ya kwanza kwa yaliyomo, ya pili kwa mwonekano), ikakokotoa kila kisanduku kina upana gani na kinakaa wapi, kisha ikachora pikseli. Vichupo, alamisho na mahali pa kuandika anwani ni bodi tu. Matatu mbili zaweza kuwa na bodi tofauti kabisa na injini ya aina moja, na vivinjari ni vivyo hivyo.

Injini zilizobaki ni chache. Firefox inatumia Gecko. Safari inatumia WebKit, ambayo ilitokana na KHTML, kazi iliyoanzishwa 1998 na watu wa KDE, mradi wa programu huria, kabla Apple hawajaichukua na kuitangaza 2003. Chrome ilipotoka 2008 ilikuwa juu ya WebKit hiyohiyo, hadi Aprili 2013 Google walipojitenga na kuita yao Blink. Opera waliiacha injini yao ya Presto mwaka huohuo wa 2013, na Edge mpya ya Microsoft iliyotoka 2020 nayo iko juu ya Blink. Kuna changa mbili tunazozipenda: Servo, iliyoanza 2012 kwa Mozilla, wenye Firefox, na sasa iko chini ya Linux Foundation Europe, na Ladybird, iliyochipuka ndani ya SerenityOS, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Andreas Kling, na tangu 2024 ina shirika lake lisilo la faida.

Uchache huu una maana kwa anayesoma hapa pwani. Simu nyingi zinazoshikwa Mombasa ni za Android zenye Chrome. Hitilafu moja ndani ya Blink humfikia muuza samaki wa Likoni na mwanafunzi wa Kisauni siku ile ile.

Mnaposema hitilafu ya mpangilio na hitilafu ya uchoraji, tofauti ni ipi?

Ya mpangilio ni pale kisanduku kinapokaa pasipo pake au kinapopewa ukubwa usio wake. Ya uchoraji ni pale hesabu iko sawa lakini kioo kinaonyesha kitu kingine: kipande hakikuchorwa, au kilichofutwa bado kinaonekana.

Kuna dalili moja ambayo ningependa kila fundi aijue. Ukurasa umepinda, ukageuza simu ikalala, ukairudisha wima, na ukurasa ukajinyoosha wenyewe. Hapo injini ilijua kuhesabu, ila haikujua kwamba ilipaswa kuhesabu upya. Kitu kilibadilika, labda picha ilichelewa kufika au fonti ikabadilishwa, na kisanduku cha juu yake hakikuarifiwa, kikabaki na ukubwa wa zamani. Andika dalili hiyo katika ripoti yako. Itampunguzia msomaji nusu ya kazi.

Nitajuaje kosa ni la injini, si langu?

Mara nyingi ni la ukurasa. Nasema hivi bila kumdharau mtu, kwa sababu ripoti nyingi tunazoletewa huishia kwenye mambo matatu.

La kwanza ni mtoto wa flex, yaani kisanduku kilicho ndani ya mpangilio wa CSS wa kupanga vitu kwa safu, asiyekubali kupungua. Umeweka maelezo ya bidhaa kando ya picha, neno likawa refu, na safu nzima ikasukumwa nje ya kioo. Kanuni rasmi ndizo zinazosema hivyo: mtoto wa flex ana `min-width: auto`, kwa hiyo hashuki chini ya upana wa neno lake refu kuliko yote. Mwandikie `min-width: 0` na mambo yatatengemaa.

La pili ni kitu kilichowekewa `position: fixed` kikakataa kutulia, kikawa kinapanda na kushuka pamoja na ukurasa. Tazama wazazi wake. Mmoja wao akiwa na `transform`, amri ya CSS ya kusogeza, kuzungusha au kukuza, kitu hicho hakipimwi tena kwa kioo, kinapimwa kwa mzazi huyo. Na hilo pia limeandikwa.

La tatu ni kitufe cha kulipa kinachojificha chini ya kioo cha simu. Aliyeandika `100vh` alidhani ni urefu anaouona, kumbe ni urefu wa kioo wakati mwambaa wa kivinjari umejificha. Tangu 2022 injini zote kubwa zinaelewa `svh`, `lvh` na `dvh`, na kwa kitufe kama hicho `svh` ndiyo salama, kwa kuwa huhesabu kioo wakati mwambaa unaonekana.

Ukishayaondoa hayo, fungua ukurasa katika injini mbili. Sisemi vivinjari viwili. Chrome na Edge kwenye kompyuta ni shahidi mmoja aliyevaa kanzu mbili. Na kwenye iPhone za huku kwetu hata Chrome na Firefox zinatumia WebKit, kwa sababu Apple ndivyo walivyotaka. Ruhusa ya kutumia injini nyingine waliyoitoa 2024 ni ya nchi za Umoja wa Ulaya. Injini mbili zikitofautiana, hapo ndipo pa kuchimba.

Nina duka la leso. Kwenye simu yangu kuna mstari mweupe mwembamba kati ya picha. Mbona kwa mwanangu haupo?

Aliyeuliza ni mama mmoja wa Biashara Street. Swali lake lilitupa wiki nzima ya raha, nami nitalijibu kwa urefu.

Yeye aliikata picha ya leso vipande vitatu ili mteja akigusa pindo, au mji, au jina, aone kwa karibu. Vipande vikapangwa kando kwa kando, kila kimoja theluthi ya upana. Chukua upana wa pikseli 100 ili hesabu iwe nyepesi. Theluthi yake ni 33.333 isiyokwisha. Injini haihifadhi namba isiyokwisha, inahifadhi vipande vya pikseli. Blink na WebKit huigawa pikseli moja mara 64. Gecko huigawa mara 60.

Kwa sehemu za 60, theluthi ya 100 ni sehemu 2000 kamili. Ukizijumlisha tatu unapata 6000, yaani pikseli 100 bila kupungua. Kwa sehemu za 64, theluthi ni 2133 na kitu. Kile kitu hutupwa, na vipande vitatu vinafika 99.98. Hakuna aliyekosea. Ni kama kumgawia kila mtoto kipande cha halua kwa kisu kinachokata kwa alama: kisu chenye alama 60 kinagawanyika kwa tatu, chenye alama 64 hakigawanyiki.

Kisha inakuja hatua ya pili, ya kuvifikisha vipande hivyo kwenye nukta halisi za kioo. Njia sahihi ni kukadiria kingo, si upana. Kingo za 0, 33.33, 66.66 na 100 zinakuwa 0, 33, 67 na 100. Kipande cha kati kinapata 34, vya pembeni 33, na pengo halipo. Ukikadiria upana wa kila kimoja peke yake, unapata 33 mara tatu, na nukta moja inabaki wazi. Hapo ndipo rangi ya ukurasa inapochungulia, na kwa leso yenye pindo jeusi hata mzee asiye na miwani anauona ule mstari.

Simu ya mwanawe haikuonyesha kwa sababu uwiano wa nukta unatofautiana. Kuna simu za Android ambazo pikseli moja ya CSS ni nukta 2.625 za kioo, nyingine ni 2 au 3 kamili. Mpasuko huonekana kwa uwiano mmoja ukapotea kwa mwingine. Kwa hiyo ripoti ya mstari mweupe isiyotaja uwiano wa nukta na kiwango cha kukuza ukurasa haimsaidii mtu.

Hatimaye tuligundua kwamba vipande vyake vilikuwa ndani ya kisanduku chenye `transform`, na njia ile ya injini ilikuwa ikikadiria kila tabaka kivyake. Hiyo ilikuwa hitilafu halali. Tukairipoti, na ukurasa wa mama tukauwekea rangi ya nyuma inayofanana na pindo, biashara iendelee.

Kazi yenyewe inaanzia wapi?

Inaanzia kwenye kupepeta. Hilo ndilo jina tulilolichagua sisi, kwa kuwa ndicho kitendo chenyewe: unatikisa ungo mpaka pumba ziruke na zibaki chembe.

Hifadhi nakala ya ukurasa mzima kwenye kompyuta. Futa nusu. Hitilafu bado ipo? Endelea kufuta. Imepotea? Rudisha nusu hiyo, ufute ile nyingine. Picha zibadilishe ziwe visanduku vya rangi. Majina marefu ya `class` yafupishe. Maandishi yabadilishe yatumie fonti ya Ahem, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya majaribio tu: herufi X ndani yake ni mraba kamili wenye upana na urefu wa em moja, yaani ukubwa wa fonti uliouweka, sehemu 0.8 juu ya mstari na 0.2 chini. Ukiandika XX kwa ukubwa wa 50px unajua bila kubahatisha kwamba umepata mstatili wa 100 kwa 50. Ukurasa wa mistari 4,000 unaweza kuisha ukiwa na mistari 8.

Mstari mmoja usiuguse: `<!DOCTYPE html>`. Ukiufuta, injini inaingia katika hali ya kale iliyowekwa kwa ajili ya kurasa za miaka ya 1990, na humo sheria ni nyingine. Jedwali, kwa mfano, halirithi ukubwa wa herufi kutoka kwa mzazi. Nimewaona vijana wenye bidii wakikesha na hitilafu ambayo wameizaa wenyewe kwa kufuta mstari huo.

Kupepeta ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika fani hii. Haihitaji mashine kubwa, haihitaji kujua msimbo wa injini, na ripoti yenye mfano wa mistari 8 hushughulikiwa wakati ile yenye maneno “ukurasa wangu umeharibika” ikikaa miaka.

Nahitaji kompyuta gani? Laptopu yangu ni ya mitumba.

Inategemea unataka kufika wapi. Kujenga Chromium, yaani kugeuza msimbo huria ulio chini ya Chrome uwe programu, kunataka nafasi ya diski ya GB 100 angalau, na kumbukumbu ya zaidi ya GB 16 ili usiteseke. Firefox ni nyepesi, GB 30 hivi za diski. Servo na Ladybird ni nyepesi zaidi, na ndiyo sababu wanaoanza tunawaelekeza huko.

Kwa hali ya Mombasa nina mambo mawili ya kuongeza. Joto la kaskazi huifanya laptopu ipunguze kasi yake yenyewe, kwa hivyo sisi hujenga usiku, dirisha wazi, laptopu imeinuliwa kwa vitabu viwili upepo upite chini. Umeme ukikatika katikati, usiogope: ujenzi huendelea pale ulipofikia, hauanzi upya. Kinachoanza upya ni `git clone` iliyokatizwa, ile amri ya kupakua msimbo. Mji wetu umebahatika, nyaya za bahari za SEACOM na TEAMS zilifika hapa 2009, lakini bando la simu ni bando la simu. Chukua nakala isiyo na historia: `git clone --depth 1`, au kwa Chromium `fetch --no-history chromium`.

Na kuna kazi isiyohitaji kujenga chochote. Hitilafu ikiwa ni ya kurudi nyuma, yaani zamani ukurasa ulikuwa sawa na sasa haupo sawa, tumia `mozregression` kwa Firefox au `bisect-builds.py` kwa Chromium. Programu hizi hupakua matoleo yaliyokwisha jengwa, na wewe unajibu tu “sawa” au “si sawa”. Kati ya siku 180 unaipata siku yenye kosa kwa kujibu mara 8. Ukishataja ni badiliko lipi lililoleta hitilafu, mara nyingi aliyeliandika huja mwenyewe kulirekebisha.

Lazima nijue C++?

Kwa kiraka chenyewe, yaani badiliko la msimbo linaloondoa hitilafu, mara nyingi ndiyo, kwani ndiyo lugha ya injini nyingi, ila Servo imeandikwa kwa lugha ya Rust. Kwa kupepeta, kutafuta tarehe na kuandika majaribio, HTML na CSS zinatosha.

Nikisema injini imekosea, nani anayeamua?

Kanuni rasmi za CSS, zinazoandikwa chini ya W3C, jumuiya inayoweka viwango vya wavuti. Håkon Wium Lie alilipendekeza wazo la CSS Oktoba 1994, toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996, na CSS 2.1 ikakamilika Juni 2011. Urefu wa muda huo ulitokana na jambo lilelile tunalolifanya jioni zetu: kila kipengele kilibidi kiwe na majaribio, na injini zaidi ya moja ziyapite.

Zisome polepole, kama mtu asomavyo hati ya shamba. Chukua nafasi za juu na chini za aya mbili zinazofuatana, moja 30px na nyingine 20px. Mgeni hutarajia 50. Kanuni zinasema zinamezana, inabaki 30. Moja ikiwa 30 na nyingine -10, unapata 20. Ukiandika katika ripoti “naona 50, kifungu 8.3.1 kinasema 30”, hakuna wa kubishana nawe.

Jaribio linaandikwaje?

Majaribio ya pamoja yanakaa katika hazina ya Web Platform Tests, na injini zote kubwa huyatumia. Yale ya mpangilio mengi ni ya kulinganisha: unaandika kurasa mbili, moja inatumia kile unachokijaribu, nyingine inachora picha ileile kwa njia rahisi isiyo na shaka, na mashine inalinganisha pikseli kwa pikseli. Desturi ni mraba wa kijani wa 100 kwa 100, na rangi nyekundu isionekane popote. Kijani kikifunika nyekundu yote, umefaulu.

Nitasimulia moja kwa kirefu.

Bibi yangu wa Mji wa Kale aliacha daftari la tenzi alilolinakili kwa hati ya Kiarabu, hati ileile ambayo wazee wetu waliandikia Kiswahili kabla ya herufi hizi za leo. Mjomba akaziweka kwenye ukurasa mdogo: ukigusa, ubeti unabadilika. Kwenye simu yake, kila ubeti ulipobadilika, vipande vya irabu za ubeti uliopita vilibaki juu ya mstari. Dhumma nusu, fat-ha nusu, zinaelea bila herufi, na baada ya beti kumi ukurasa umejaa makombo.

Tulipepeta tukabaki na herufi moja yenye irabu, `line-height: 1`, na mstari mmoja wa kubadilisha maandishi. Irabu hukaa juu ya herufi, na mstari ukibanwa, zinatoka nje ya kisanduku cha mstari. Kuruhusiwa zinaruhusiwa, wino unaotoka nje ya kisanduku ni jambo linalojulikana katika kanuni. Tatizo ni kwamba injini hiyo, ilipofika wakati wa kufuta, ilifuta eneo la kisanduku tu. Wino uliomwagika nje ukaachwa palepale. Kwa herufi za Kizungu hitilafu ilikuwa haionekani kwa kuwa wino wake haufiki huko juu.

Kiraka kilikuwa kifupi: eneo la kufuta lihesabiwe pamoja na wino wa kila herufi. Jaribio ndilo lililotuchosha. Mara ya kwanza lilipita hata bila kiraka, kwa sababu tulibadilisha maandishi kabla injini haijachora hata mara moja, na kisichochorwa hakiachi makombo. Dawa yake ni kuweka `class="reftest-wait"` kwenye ukurasa, kungoja `requestAnimationFrame` mara mbili ili mchoro wa kwanza ufike kwenye kioo, ndipo ufute maandishi, kisha uiondoe ile `reftest-wait` ili mashine ijue sasa ipige picha. Ukurasa wa kulinganisha ulikuwa mtupu, mweupe pe. Pikseli moja ikibaki, jaribio limeanguka.

Mhakiki wa kiraka chetu aliuliza kama hitilafu inatokea pia kwa herufi za Kilatini zenye alama zilizopangwa juu kwa juu. Tulijaribu, ikatokea. Tukaongeza jaribio la pili. Mjomba alipopata toleo jipya alituma picha ya kioo bila neno lolote, ubeti mmoja tu, msafi.

Kiswahili cha herufi za kawaida kina matatizo yake?

Yapo, na hakuna wa Helsinki atakayeyaona kabla yetu.

Maneno yetu ni marefu. “Watakaowasikilizisha” ni kitenzi kimoja, na kwenye kadi nyembamba ya simu kinatoboa ukuta. Watu huandika `overflow-wrap: break-word` wakashangaa bado safu inapanuka. Tofauti iko kwenye hesabu ya upana mdogo kabisa: `break-word` hukata neno likishazidi, lakini wakati wa kukokotoa upana mdogo neno bado linahesabiwa zima. `anywhere` inakubali tangu mwanzo kwamba neno laweza kukatwa popote. Ndani ya flex na gridi, hiyo ndiyo utakayoitaka.

Weka `lang="sw"` kila mara. Bila hiyo injini haijui hii ni lugha gani, na kukata neno kwa kistari kwa `hyphens: auto` hakuna msingi wa kufanyia kazi. Hata ukiiweka, kivinjari kinahitaji kamusi ya kukata maneno ya lugha hiyo, na kisipokuwa nayo hakikati. Kila tunapokuta hivyo tunaripoti, tukiambatanisha mifano ya silabi zetu, kwa sababu Kiswahili kinakatika kwa utaratibu mzuri kuliko lugha nyingi.

Lingine ni herufi kubwa ya mwanzo wa aya. Ukitumia `::first-letter` kwenye aya inayoanza na “Ng’ombe”, inayokuzwa ni N peke yake, na g’ inabaki chini ikiwa ndogo. Kanuni zinakiri kwamba lugha nyingine zina sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili na zinaipa injini ruhusa ya kuzikuza pamoja. Mlango uko wazi, na anayetafuta kazi ya kwanza ya kuandikia jaribio aanze na hili.

Kiraka changu kilikubaliwa, kisha kikaondolewa. Wamenichukia?

Hapana, ndugu yangu. Kuondoa ni desturi: jaribio likianguka kwenye mashine moja, kiraka kinatolewa kwanza, maswali baadaye. Aghalabu ni fonti tofauti ya mfumo mwingine iliyolainisha ukingo kwa namna yake. Tumia Ahem, au tangaza kiasi kidogo cha tofauti kinachovumilika kwa `<meta name=fuzzy>`, urudishe.

Ugumu wa kweli ni pale kiraka kilicho sahihi kinapoharibu kurasa za watu zilizoegemea kosa la zamani. Hapo mara nyingine kanuni ndizo zinazoinama. `-webkit-line-clamp`, ya kukata maandishi baada ya mistari kadhaa, ilizaliwa WebKit bila mpango, ikaenea, na 2019 Firefox nayo ikaichukua katika toleo la 68 pamoja na kasoro zake zote. Kuliko kuvunja duka la mtu, bora hivyo. Nakubaliana nao.

Ukurasa haujapinda, ila unaganda. Hiyo nayo yenu?

Huenda. Kisanduku cha flex mara nyingine hupimwa mara mbili, kwanza kujua kinataka nini, kisha kukipa nafasi. Ukivitumbukiza kimoja ndani ya kingine mara kumi, bila injini kukumbuka majibu ya awali, cha ndani kabisa kinapimwa mara 1,024. Blink iliandika upya mpangilio wake, ukaanza kutoka na Chrome 77 mwaka 2019, na sababu mojawapo ilikuwa kuyahifadhi majibu hayo kwa usalama. Tuletee mfano uliopepetwa kama kawaida.

Kuna malipo?

Kwa kiraka kimoja, hakuna. Ila kuna njia za kuingia. Outreachy, mpango wa mafunzo ya kazi katika programu huria, hulipa mwanagenzi dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu, unafanyia kwenu, na Servo ni kati ya miradi iliyowahi kushiriki. Google Summer of Code ni njia nyingine. Ipo pia kampuni ya Igalia ya Uhispania, inayomilikiwa na wafanyakazi wake na inayoishi kwa kazi za injini. Nayo ina mpango wa kuwalipa wanafunzi. Wote wanataka kuona kitu ulichokwisha fanya, na ripoti tano zilizopepetwa vizuri zinahesabika.

Kiingereza changu si kizuri. Wataisoma ripoti yangu?

Wataisoma. Andika mambo matatu kwa sentensi fupi: nilifanya nini, nilitarajia nini, nikaona nini. Ambatanisha faili na picha ya kioo. Mfano wa HTML unajisemea.

Mmesema hitilafu imerekebishwa, mbona kwenye simu yangu bado ipo?

Kiraka kikiingia leo hakifiki leo. Hupitia matoleo ya majaribio kwanza. Firefox ilihamia mzunguko wa wiki nne 2020, Chrome ikafuata 2021. Safari huja zaidi na masasisho ya mfumo wa simu wenyewe, kwa hiyo iPhone isiyosasishwa inabaki na injini ya zamani. Kwenye Android, tangu toleo la 5, ile sehemu inayofungua kurasa ndani ya programu nyingine husasishwa kupitia Play Store kama programu yoyote, lakini wengi wamezima masasisho kuokoa bando, na simu zilizozeeka sana hazipelekewi tena matoleo mapya.

Fungua mipangilio ya kivinjari, utafute namba ya toleo, utuandikie pamoja na aina ya simu. Ikiwa ni toleo la kabla ya kiraka, sasisha ukipata waifai. Ikiwa simu haipokei tena masasisho, tuambie pia, tutakuandikia njia ya kulikwepa tatizo katika ukurasa wako ili hata simu hiyo iuonyeshe sawasawa.